Haja Ndogo, Jambo Kubwa

Lugha yetu ni ya watu wenye haya. Mambo ambayo mwili hauwezi kuyaepuka tumeyapa majina ya kuyafunika. Tunasema haja ndogo, tunasema kujisaidia, na abiria wa mabasi ya masafa marefu husema wanashuka kuchimba dawa. Hakuna anayeuliza ni dawa gani. Lakini kwa mtu mzima ambaye haja hiyo humtoka bila hiari yake, lugha haikutuachia jina la heshima. Kikojozi ni jina la mtoto, tena la kumcheka. Ndiyo maana mtu wa namna hiyo hunyamaza. Mimi nilinyamaza miaka miwili.

Nilisomesha historia kwa muda mrefu, kisha nikawa mkuu wa chuo cha ualimu hadi nilipostaafu. Mwaka 2014 nilipanda ngazi kukaza bati lililoachia juu ya jiko letu la uani. Ngazi iliteleza, nami nikaanguka chali juu ya mawe ya kuanikia nguo. Pingili za kiuno zilipasuka. Nilikaa hospitali wiki nyingi, nimelala, nimewekewa mpira wa mkojo. Mwenyezi Mungu alinirudishia miguu, na leo natembea kwa mkongojo. Lakini mpira ulipotolewa, kibofu hakikurudi katika utii wake wa zamani.

Daktari alinieleza kwa maneno mepesi. Kibofu kina kazi mbili, kuhifadhi na kumwaga. Amri ya kumwaga hutoka kwenye ubongo, hushuka kwa njia ya uti wa mgongo, kisha hupita katika mishipa ya fahamu inayotokea sehemu ya chini kabisa ya mgongo. Mishipa hiyo ikibanwa au kukatika, amri haifiki, au hufika nusu. Kwa wengine kibofu hujaa pasipo wao kujua, kikafurika kama mtungi chini ya bomba. Kwa wengine hujikaza chenyewe bila kuamriwa. Mimi nilipewa kidogo cha hili na kidogo cha lile.

Nilirudi nyumbani nikiwa na barua ya hospitali na bila ujasiri wowote. Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa la kijinga: niliacha kunywa maji. Nilidhani asiyetia maji mtungini hataona mtungi ukivuja. Kumbe mkojo mchache ni mkojo mkali. Huunguza kibofu na kukifanya kizidi kuhangaika, na vijidudu hupata nafasi. Nilipata homa ya njia ya mkojo mara tatu katika mwaka mmoja. Jambo la pili lilikuwa kujifungia. Harusi sikwenda, barazani sikuonekana, msikitini nikasema mgongo unanisumbua. Alipofariki rafiki yangu mkufunzi, mtu tuliyekula sahani moja kwa miaka kumi na tatu, niliwaambia watoto wake kwa simu kwamba nina malaria. Sikuwa na malaria. Niliogopa safari ya saa nne ndani ya basi. Yeye angekuja kunizika hata kwa kubebwa.

Mke wangu ndiye aliyeuvunja ukimya huo. Alikuwa amechana khanga zake za zamani, akazikunja na kuzishona vitambaa vya kuvaa ndani, bila kunisemesha neno. Usiku mmoja alitandika mpira juu ya godoro, akaniambia, "Baba watoto, mimi nimelea watoto sita kwa nepi za kufua. Unadhani mkojo ni kitu kigeni kwangu? Kigeni kwangu ni mume asiyesema." Sikuwa na jibu.

Basi nikafanya kile ambacho mwalimu wa historia hufanya akishikwa na jambo: niliwatafuta waliotangulia.

Ukarimbishaji wa historia hii ni wa kale sana. Mwaka 1862 Mmarekani Edwin Smith alinunua huko Luxor, Misri, gombo la mafunjo ambalo baadaye lilipewa jina lake. Lilinakiliwa takriban mwaka 1600 kabla ya Kristo, nalo lina habari za majeruhi 48. Mmoja wao aliteguka pingili ya shingo. Tabibu anaeleza kwamba mtu huyo hana habari na mikono wala miguu yake, na mkojo unamchuruzika pasipo yeye kujua. Kisha anatoa hukumu kwamba huu ni ugonjwa usiotibiwa. Nilipolisoma hilo nilihisi mambo mawili kwa pamoja. Nilihuzunika kwa hukumu ile, na nikafarijika kwamba tabibu yule aliandika bila kucheka. Aliutaja mkojo kama alivyotaja mfupa.

Hukumu hiyo ilidumu zaidi ya miaka elfu tatu. Katika Vita Kuu ya Kwanza, ya 1914 hadi 1918, inakadiriwa kwamba wanane kati ya kumi wa waliojeruhiwa uti wa mgongo walikufa, wengi wao katika wiki za mwanzo. Kilichowaua si jeraha lenyewe. Waliuawa na vidonda vya kulala na kwa uchafu ulioingia katika njia ya mkojo hadi kwenye figo. Kwa maneno mengine, waliuawa na yale mambo madogo ambayo watu wakubwa waliona haya kuyashughulikia.

Aliyekataa hukumu hiyo alikuwa Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler na kufika Uingereza mwaka 1939. Februari 1944 alikabidhiwa wodi ya askari waliovunjika mgongo huko Stoke Mandeville. Aliamuru wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Kazi ya kutoa mkojo kwa mpira hakuiacha kwa yeyote aliyekuwa karibu. Alitaka ifanywe na madaktari wenyewe, kwa usafi mkubwa. Watu waliotarajiwa kufa wakaishi. Julai 29, 1948, siku ileile Michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London, aliwashindanisha majeruhi 16 kwa upinde na mishale wakiwa katika viti vya magurudumu. Michezo hiyo ilifika Roma mwaka 1960, na leo dunia inaijua kwa jina la Paralimpiki. Watazamaji huona mbio na medali. Mimi huona kwanza kwamba isingekuwapo medali hata moja kama mtu mmoja asingekubali kushughulika na mkojo.

Hatua nyingine ilipigwa Michigan, Marekani, mwaka 1972. Daktari Jack Lapides alionyesha kwamba mgonjwa anaweza kujitolea mkojo mwenyewe nyumbani kwa mpira mwembamba, mara kadhaa kwa siku, akiwa amenawa mikono vizuri tu. Wenzake walishtuka, kwani walizoea kuamini kwamba bila vifaa vilivyochemshwa na glavu za hospitali mtu atadhurika. Hoja yake ilikuwa kwamba kibofu kilichoachwa kijae kupita kiasi ndicho kinachoshindwa kupambana na vijidudu. Nami nilifundishwa kazi hiyo na muuguzi kijana, mwenye umri wa mjukuu wangu. Siku ya kwanza mikono ilinitetemeka. Leo naifanya asubuhi na usiku, kama mtu anavyopiga mswaki.

Mengine ni ratiba, na ratiba ni kitu ninachokijua. Nina daftari. Naenda chooni kila baada ya saa tatu, nijisikie au nisijisikie. Maji nanywa ya kutosha tangu asubuhi, kisha napunguza baada ya magharibi. Chai ya rangi na kahawa nimezipunguza, maana huchochea. Nafanya mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga niliyofundishwa. Nikisafiri, nakata tiketi ya kiti cha kando ya njia, karibu na mlango, na namwambia kondakta mapema, kwa sauti ya chini, kwamba mimi ni mgonjwa na huenda nikaomba kushuka. Sijapata kondakta aliyenicheka. Navaa suruali nyeusi au kanzu yenye msuli ndani. Katika mkoba wangu mna kitambaa cha akiba, suruali ya akiba, chupa ya maji, sabuni na mfuko usiopitisha harufu. Kwa safari ndefu navaa pampasi za watu wazima, ambazo ni ghali kwa mstaafu; siku za kawaida vitambaa vya khanga vinatosha, vikifuliwa na kuanikwa juani. Bado kuna siku mambo huharibika. Siku hizo narudi nyumbani, naoga, basi.

Lililobaki lilikuwa msikiti. Sheikh wetu alipita nyumbani baada ya isha.

"Mwalimu, safu ya pili ina pengo."

Nikamwambia ukweli, mara ya kwanza kwa mtu wa nje. Alisikiliza, kisha akasema, "Na wewe ulidhani wanavyuoni wa kale walikuwa malaika wasiokojoa?" Akanieleza kwamba katika vitabu vya fikihi mtu wa udhuru kama wangu ana mlango wake tangu karne na karne. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, wakati wa sala ukishaingia hujisafisha, hufunga kitambaa kisafi, hutawadha, kisha huswali bila kuchelewa. Kitakachomtoka baada ya hapo amesamehewa. Kwa faradhi nyingine hutawadha upya. Na mradi asiuchafue msikiti, msikiti ni wake. Nilisikitika kuona kwamba dini yangu ilikuwa imeniwekea nafasi muda wote huo, nami nilikuwa nimesimama nje.

Ningeweza kuishia hapo, ndugu msomaji, na ingekuwa hadithi nzuri ya mzee aliyepona aibu. Lakini historia haimruhusu mtu kuchagua kurasa.

Mwaka 1979 nilikuwa mkufunzi kijana katika chuo kimoja, mwenye dhamana ya malezi ya wanachuo. Msichana mmoja wa mwaka wa pili alirudi masomoni baada ya kujifungua. Mtoto alizaliwa amekufa, baada ya siku tatu za uchungu. Alirudi akiwa na harufu ya mkojo. Wenzake wa bwenini walihamisha vitanda. Darasani alikaa peke yake nyuma, karibu na dirisha. Walinijia kulalamika, nami nikamwita ofisini. Sikumwuliza ameumia wapi. Nilimwambia kwamba mwalimu ni kioo cha jamii na kwamba usafi ni nusu ya elimu. Alitazama sakafu. Nilimwandikia ruhusa ya kwenda nyumbani kupumzika, hata arudipo hali njema. Hakurudi, nami sikuuliza.

Alikuwa na fistula. Uchungu ukichelewa, kichwa cha mtoto hukandamiza nyama laini kati ya kibofu na uke hadi zife, tundu likabaki, na mkojo hupita mchana na usiku. Jeraha hilo limeonekana katika maiti iliyokaushwa ya Henhenit, mwanamke wa jumba la mfalme wa Misri, aliyeishi yapata miaka elfu nne iliyopita. Ibn Sina, aliyefariki 1037, alilitaja katika maandishi yake. Kati ya 1845 na 1849, huko Alabama, daktari Marion Sims alijifunza kulishona kwa kuwapasua wanawake watumwa bila dawa ya usingizi. Majina ya watatu yamehifadhiwa, Anarcha, Betsey na Lucy, na Anarcha alipasuliwa mara 30 hivi. Sanamu ya Sims iliondolewa katika bustani ya New York mwaka 2018. Jirani zetu Waethiopia walipata hospitali ya fistula Addis Ababa mwaka 1974, kazi ya Catherine na Reginald Hamlin. Maana yake ni kwamba siku ile nilipomhubiria msichana wangu juu ya usafi, tiba ilikuwa ikijulikana, tena Afrika hiihii. Baadaye hata Dar es Salaam, CCBRT ikawa inawatibu wanawake hao bila malipo, na nauli ikitumwa kwa simu ya mkononi.

Mkuki kwa nguruwe. Kwa binadamu mchungu. Ilibidi nianguke toka darini, miaka 35 baadaye, ndipo nijue alichokuwa akitazama sakafuni. Nilimtafuta. Mwenzake wa bwenini, naye sasa ni bibi, aliniambia kwamba aliishi katika chumba cha uani kwa mama yake, akisuka ukili. Mikeka yake iliuzwa na wengine, kwa sababu watu hawakupenda kununua mkononi mwake. Alifariki mwanzoni mwa miaka ya tisini.

Sikupata wa kumwomba radhi ila ndugu yake mmoja, ambaye alinipokea kwa chai na hakunilaumu. Nilipoinuka kuaga niliona kiti nilichokalia kimelowa kidogo. Nilisema, "Samahani, mimi ni mgonjwa wa kibofu." Akachukua kitambaa, akafuta, akaniambia, "Si kitu, Mwalimu. Nyumba hii imezoea."