Kolelo, Bokero na Kinjeketile: Nani ni Nani katika Data Zilizounganishwa?

Ukitoka Morogoro mjini kwa barabara ya Kisaki, ukaipita Kiroka na Mkuyuni, ukazidi kwenda kusini kwa upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, utafika Matombo. Neno hili kwa Kiluguru maana yake ni matiti, na aliyekwisha kuyaona majabali yale hana haja ya kuuliza kwa nini. Lakini Matombo si kitu kimoja. Ni majabali, ni misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1897, ni tarafa ya Wilaya ya Morogoro, na ni mahali pa kushukia abiria. Mluguru akisema "nakwenda Matombo", anayemsikiliza anaelewa ni Matombo ipi, maana wanajuana. Kompyuta haijuani na mtu. Yenyewe inajua kile ilichoambiwa, basi.

Makala haya yanahusu majina, na hasa yale yanayohitajika kabla ya makumbusho na wanahistoria kuziweka habari za Uluguru katika kile kinachoitwa data zilizounganishwa. Huenda msomaji akajiuliza jambo hili lina uhusiano gani na jarida la uhakiki wa fasihi. Uhusiano upo, tena mkubwa, na tutauona tutakapofika kwa Ebrahim Hussein.

Kwanza tuelezane maana. Mwaka 1999 shirika linaloratibu kanuni za wavuti duniani lilipitisha utaratibu wa kuandika habari uitwao RDF. Mwaka 2006 Tim Berners-Lee, yule aliyebuni wavuti, akaeleza kwa ufupi jinsi ya kuzifanya habari hizo zishikane. Mwanafunzi wa Kiswahili hana sababu ya kuuogopa utaratibu huu, kwani ni sarufi tupu. Kila habari ni sentensi ya sehemu tatu: kiima, kitenzi na yambwa. "Misheni ya Matombo – ilianzishwa na – Mapadre wa Roho Mtakatifu." Jambo jipya ni kwamba kila sehemu ya sentensi hupewa anwani ya kudumu kwenye wavuti. Kwa hiyo sentensi iliyoandikwa Dar es Salaam na nyingine iliyoandikwa Berlin zikitumia anwani moja ya Matombo, mashine itaziunganisha bila mtu kuiambia. Makumbusho zimeupenda sana utaratibu huu. Kamati ya kimataifa ya makumbusho inayoshughulikia kumbukumbu ina muundo wake, CIDOC CRM, uliokubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2006. Mwaka 2012 ikaja Wikidata, ambayo yeyote anaweza kuijaza.

Faida zake hazina ubishi. Mradi wa Digital Benin uliofunguliwa mwaka 2022 umekusanya mahali pamoja kumbukumbu za vitu zaidi ya 5,000 vya ufalme wa Benin, vilivyotawanyika katika makumbusho 131 ya nchi 20. Hapa jirani, Makumbusho za Taifa za Kenya pamoja na makumbusho za Köln na Frankfurt zimeorodhesha vitu vya Kenya zaidi ya 32,000 vilivyoko nje. Jambo la busara walilolifanya watu wa Benin ni kuyatanguliza majina ya Kiedo. Hawakungoja kuyabandika mwishoni kama tafsiri ya lebo za Kizungu.

Sasa tuje Uluguru. Hebu tumwangalie kwanza ndege. Chozi mmoja wa milima hii, ambaye wataalamu wanamwita Cinnyris loveridgei, alielezwa kisayansi mwaka 1922. Tangu hapo ana jina la kisayansi. Ukimtafuta katika hazina ya kimataifa ya viumbe unampata mara moja, na picha juu. Halafu mtafute Mluguru. Katika orodha za makumbusho yuko chini ya L kama Luguru, chini ya W kama Waluguru, na hata chini ya U, kama kwamba Uluguru ni watu na si nchi. Mworodheshaji wa Ulaya hakuijua ngeli, akaandika alichokisikia, na aliyemfuata akanakili. Usiseme habari ya Wakutu, ambao Richard Burton aliyepita kwao mwaka 1857 aliitia nchi yao alama ya kukatia katikati, "K'hutu". Kwa ufupi, ndege wa Uluguru ana anwani nzuri kuliko wenye milima yao.

Mfano wa mwana hiti unaonyesha tatizo kwa undani zaidi. Hiki ni kinyago kidogo cha mti, kiwiliwili kama mche usio na mikono, kichwa chenye vishungi viwili, ambacho mwali alikaa nacho akiwa ndani. Wazaramo wanacho, Wakwere wanacho, Wakutu na Waluguru pia wanacho, kwani wote hao ni watu wanaofuata ukoo wa mama na mila zao zinapakana. Lakini katika makumbusho nyingi kimeandikwa "Zaramo" tu. Pengine ni kwa sababu Uzaramo uko karibu na bandari, na kitu kilichonunuliwa karibu na bandari hupewa kabila la bandarini. Sasa mtu anayebuni programu ya makumbusho akitengeneza kisanduku kimoja kilichoandikwa "kabila", amekwisha kuamua kesi kabla ya kusikia mashahidi. CIDOC CRM inatoa njia bora: kunasibisha kitu na watu fulani huandikwa kama tukio, lenye mtu aliyenasibisha na mwaka wake. Hapo inawezekana kuandika kwamba mwuzaji alisema Zaramo, na baadaye mtafiti akasema Kutu, na sentensi zote mbili zikakaa. Atakayekuja ataamua mwenyewe, au hataamua.

Nimetaja uzuri, sasa nitaje hatari. Katika data zilizounganishwa kuna kitenzi kimoja chenye nguvu za ajabu, chenye maana ya "ndiye yule yule". Ukiandika kwamba A ndiye yule yule B, mashine inachukua kila kinachosemwa juu ya A na kumpa B. Ukiongeza kwamba B ndiye yule yule C, basi A naye ni C, utake usitake. Hapa ndipo Kolelo anapoingia.

Kolelo ni mzimu wa milima ya Uluguru, anayesimuliwa kwa sura ya nyoka mkubwa, na aliyeombwa mvua na rutuba ya ardhi. Watu walimwendea kutoka Ukutu na mpaka Uzaramo. Lakini Kolelo vilevile ni pango. Na Kolero, kwa r, ni kata ya Morogoro Vijijini. Burton katika kitabu chake cha mwaka 1860 alilitaja pango hilo kwa majina mawili, Kurero au Bokero. Sisi wenye lugha za Kibantu tunajua l na r zinavyobadilishana nafasi, hatushtuki. Baada ya Vita vya Maji Maji mmisionari wa Kilutheri aliyekaa Uzaramo, Martin Klamroth, aliandika kwamba mwaka 1905 watu walisema Kolelo ametoa amri wasiwalipe tena Wazungu kodi. Miaka ya 1960 John Iliffe, aliyekuwa akifundisha historia Dar es Salaam, aliyachukua maandishi hayo na kuonyesha kwamba dini ya Kolelo ya huku milimani na dawa ya maji ya kule Rufiji zina nasaba. Kwani kule Rufiji nako kulikuwa na Bokero! Na kule Ngarambe alikuwako Kinjikitile Ngwale, aliyepandwa na mzimu Hongo mwaka 1904.

Tarehe 4 Agosti 1905 Wajerumani walimnyonga mganga wa maji huko Mohoro. Vitabu vingine vinamwita Kinjikitile, vingine vinamwita Bokero. Je, ni mtu mmoja mwenye jina na cheo? Ni watu wawili? Ni cheo kilichotokana na Kolelo wa Uluguru? Wanahistoria wamebishana na ubishi haujaisha.

Na mwaka 1969 Ebrahim Hussein akatupa Kinjeketile, kwa e. Mwandishi mwenyewe ametahadharisha kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni zao la ubunifu na asichukuliwe kuwa ndiye yule mtu wa historia. Tahadhari hiyo tunaikariri katika mitihani, halafu tunaisahau tukifunga kitabu. Wangapi kati yetu wakiulizwa Kinjikitile alikuwa mtu wa namna gani watajibu kwa kumbukumbu za tamthilia? Shaka ile inayomtesa, lile neno lililozaliwa likawa kubwa kuliko aliyelizaa, hayo ni ya Hussein. Hayakutoka kwa wazee wa Ngarambe.

Basi na tumpe mashine kazi. Kolelo ndiye yule yule Bokero, kwa ushahidi wa Burton. Bokero ndiye yule yule Kinjikitile, kwa ushahidi wa baadhi ya vitabu. Kinjikitile ndiye yule yule Kinjeketile, kwa kosa la mwanafunzi mmoja mwenye haraka anayejaza Wikidata usiku. Matokeo yake ni kwamba pango la Uluguru limenyongwa Mohoro mwaka 1905, na limeigizwa jukwaani. Mtu atacheka. Lakini makosa ya namna hii yakiingia katika hazina moja hunakiliwa na nyingine kumi kabla ya jua kuchwa, na siku hizi mashine zinazojibu maswali ya watu zinakula humo humo.

Kwa maoni yangu mbunifu makini hapaswi kukitumia kitenzi hicho kwa Kolelo hata mara moja. Vipo vitenzi vya upole zaidi: "anakaribiana na", "ametajwa na fulani kwa jina la", "amebuniwa kutokana na". Hicho cha mwisho ndicho kinachomfaa Kinjeketile. Tamthilia ipewe anwani yake, mhusika ya kwake, na mtu wa Ngarambe ya kwake. Hapo mhakiki ataweza kuuliza swali lenye maana, kwamba Hussein alichukua nini na akaacha nini. Ukiwaunganisha wote kuwa mmoja swali hilo halina tena pa kusimama, kwa sababu umbali kati ya mtu na mhusika, ambao ndio kazi yetu sisi wa fasihi, umefutwa.

Tatizo jingine ni la majina ya kurithi. Kingalu wa Kinole anajulikana Uluguru nzima. Lakini Kingalu ni cheo; anayefariki hurithiwa kwa upande wa mama, na mrithi anakuwa Kingalu. Karatasi ya wakati wa Mjerumani ikisema "Kingalu" na ya wakati wa Mwingereza ikisema "Kingalu", hao ni watu tofauti, ingawa kwa fikra za wenyewe kuna namna ambayo Kingalu ni yule yule siku zote. Mashine zote mbili za kufikiri, ya mzee na ya kompyuta, zina haki. Cheo kipewe anwani moja isiyobadilika, kila aliyekikalia apewe ya kwake pamoja na miaka yake inapojulikana. Simbamwene ni hivyo hivyo, tena afadhali ya Kingalu: ni mji wa Kisabengo pale ilipo Morogoro, na ni binti yake aliyeutawala Henry Stanley alipopita mwaka 1871. Mji na mtu kwa jina moja, katika kitabu kimoja.

Halafu kuna ukoo. Misamiati iliyo tayari imejaa vitenzi kama "baba yake ni", "jina la familia ni". Mluguru yumo katika lukolo la mama yake, na kwa upande wa baba anafungwa na mtala. Ukilazimisha vitu hivi viwili viingie katika "jina la familia", nusu ya mtu inabaki nje. Orodha za ubatizo za misheni za zamani zikija kuandikwa kwa mtindo huo, mtafiti atadhani watu wa nyumba moja ni wageni wa kila mmoja.

Yapo pia yasiyofaa kuwekwa kabisa. Kanuni inayosifiwa ya kwamba data ziwe wazi kwa wote ilitungwa na watu ambao hawakuwa na pango la tambiko. Kuchapa mahali hasa pa Kolelo kwenye ramani, kwa vipimo vya setilaiti, ni kumwalika kila mwenye udadisi na kila mtafuta dawa. Tangu mwaka 2010 shirika la Local Contexts limekuwa likitayarisha lebo ambazo jamii inaweza kuziweka juu ya kumbukumbu zake: hii ni ya wanawake tu, hii ni ya msimu fulani, hii iombewe ruhusa. Mambo ya mwali na mwana hiti yanahitaji lebo hizo. Swali gumu ni nani atakayeiweka. Lebo ikiwekwa Berlin kwa niaba ya Matombo, tumerudi kule kule.

Hapa Mlimani tunao mfano wa kazi ya namna hii, na ulifanyika bila kompyuta. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia walikwenda vijijini, chini ya Gilbert Gwassa na Iliffe, kuhoji wazee juu ya Maji Maji. Karatasi walizorudi nazo hazikusema tu "inasemekana". Simulizi ilibaki na msimulizi wake na mahali pake, na mzee mmoja akipingana na mwenzake wote wawili waliandikwa. Ule ulikuwa tayari muundo wa kiima, kitenzi na yambwa, pamoja na jina la aliyesema.

Kwa Uluguru kazi ya kwanza haihitaji mitambo mikubwa. Inahitaji orodha fupi ya majina ya mahali, vyeo na koo, kila moja likiwa na namna zake zote za kuandikwa, Kurero, Kolelo, Kolero, na mwaka na mwandishi wa kila namna. Vitenzi viwili, cha lukolo na cha mtala, vitungiwe maana na watu wa TATAKI wakikaa pamoja na wazee wa Kinole na Matombo, kisha vipewe anwani. Mpaka leo makumbusho yenye mwana hiti wa Kiluguru ikitaka kueleza kwamba alipita kutoka mkono hadi mkono ndani ya lukolo moja, inalazimika kuandika "familia".