Historia ya Kugawa Dirisha la Kompyuta

Mtu ashukaye kutoka Ngong kwenda Suswa hupita Ewuaso Kedong, katika Bonde la Ufa, upande wa magharibi wa Kajiado. Katika nchi hiyo, kwa desturi ya Wamaasai, nyumba hujengwa na mwanamke. Yeye ndiye achomekaye fito, yeye ndiye akandikaye kwa udongo na mavi ya ng'ombe, na ndani yake hutenga mahali pa moto, mahali pa kulala, na pembe ya ndama na wana-mbuzi wasioweza kustahimili baridi ya usiku. Nyumba ni moja na paa ni moja, lakini ndani mna sehemu, na azigawaye ni yule yule akaaye humo. Nimeitaja desturi hii kwa sababu wajenzi wa kompyuta walibishana miaka mingi juu ya jambo la namna hiyo: je, kioo cha kompyuta kigawanywe na nani, aliyeitengeneza programu au aitumiaye?

Neno dirisha tulilipata kutoka Kiajemi, nalo limekaa katika lugha yetu muda mrefu kabla ya kompyuta yoyote. Katika kompyuta, dirisha ni eneo la pembe nne juu ya kioo ambamo kazi moja huonekana. Dirisha hilo likipasuliwa kwa mstari, tutaziita sehemu zake vidirisha. Tofauti yake na madirisha yanayolaliana ni rahisi kuiona. Karatasi zilizotupwa mezani hufunikana, na iliyo chini haisomeki. Lakini vidirisha havifunikani kamwe, kwa maana kimoja kikipanuka, jirani yake hana budi kupungua.

Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, Douglas Engelbart aliwaonyesha wataalamu waliokusanyika mtambo ambao hawakupata kuuona mfano wake. Alikuwa na kipanya mkononi, na juu ya kioo kimoja watazamaji waliona maandishi upande mmoja, na upande wa pili sura ya mwenzake aliyekuwa Menlo Park, mwendo wa kilomita 50 hivi kutoka hapo. Wengi hukikumbuka kile kipanya. Kwa maoni yangu, wazo la kutazama mambo mawili kwa pamoja bila moja kulifunika jingine lilikuwa na uzito usiopungua ule wa kipanya.

Walionufaika upesi na mstari huu walikuwa watu wa hesabu. Mwaka 1979 Dan Bricklin na Bob Frankston walitoa VisiCalc, programu ya kwanza ya jedwali la hesabu kwa kompyuta ndogo, iliyotumika katika Apple II. Kioo cha mashine hiyo kilionyesha herufi 40 kwa mapana na mistari 24 kwa marefu, basi. Fikiri hali ya mweka hazina wa chama cha ushirika mwenye safu za miezi 12 na majina ya wanachama 200. Akisogea kulia autazame mwezi wa Novemba, majina yamepotea. Akishuka chini aitazame jumla, vichwa vya safu vimepotea. Asiyeona jina wala kichwa aweza kumwandikia mtu deni la mwingine, na chama kikagombana kwa sababu ya udogo wa kioo. Dawa ya VisiCalc ilikuwa fupi: mtu aliandika alama ya mkwaju, kisha W, kisha H kwa mstari wa ulalo au V kwa mstari wa wima. Dirisha lilipasuka pale pale aliposimamisha kielekezi. Tena aliweza kuchagua kama pande mbili zitembee pamoja au kila moja iende kwa njia yake. Mgawaji hapa alikuwa mweka hazina mwenyewe. Waliotengeneza programu hawakuweza kujua daftari lake lina safu ngapi.

Programu ya kuandikia iitwayo Emacs, iliyoanza mwaka 1976 katika chuo cha MIT, na ambayo Richard Stallman aliitoa upya kwa jina la GNU Emacs mwaka 1985, ilikwenda mbele zaidi. Humo kila kidirisha chaweza kupasuliwa tena, na kila kipande kikapasuliwa tena, mpaka nafasi iishe. (Mwanafunzi atakayeitumia asishangae majina yake: Emacs hukiita kidirisha dirisha, na dirisha huliita fremu, kwa kuwa ilizaliwa kabla wengine hawajakubaliana juu ya maneno.)

Wakati huo huo kampuni ya Xerox, katika maabara yake ya Palo Alto, ilikuwa imejenga kompyuta ya Alto mwaka 1973, na juu yake watafiti wakafanya madirisha yanayolaliana kama karatasi. Lakini Xerox hiyo hiyo ilipouza kompyuta ya Star mwaka 1981, madirisha yake yalipangwa kando kwa kando bila kufunikana. Windows 1.0 ya Microsoft, iliyotoka Novemba 1985, ilifanya vivyo hivyo. Programu mpya ilipofunguliwa, zile za kwanza zilibanwa ili ipate nafasi. Macintosh ya mwaka 1984 iliruhusu madirisha kulaliana, na Windows 2.0 ya mwaka 1987 ikafuata njia hiyo. Wengi wakasema kwamba mtindo wa kupanga kando kwa kando umeshindwa. Mimi sisemi hivyo. Vioo vya siku hizo vilikuwa vidogo, na aliyeamua nani abanwe alikuwa mtambo. Mke wa boma angekasirika vile vile kama kila mgeni aingiapo kuta za nyumba yake zingejisogeza zenyewe.

Sasa tutazame jinsi kazi hii ifanywavyo ndani. Aghalabu mjenzi huweka hesabu zake kwa umbo la mti. Mwanzo pana dirisha moja tu, mfano wa shina lisilo na tawi. Mtumiaji akilipasua, shina huzaa matawi mawili, na mahali pa maungio huandikwa mambo mawili: mstari ni wa wima au wa ulalo, na kila upande umepewa sehemu gani ya nafasi. Sehemu hiyo huandikwa kwa uwiano, isiandikwe kwa idadi ya nukta. Kwa mfano, dirisha lenye nukta 1,000 limepasuliwa, upande wa kushoto ukapata 600, yaani tatu ya tano. Mwenyewe akilipunguza dirisha lote hadi nukta 800, kushoto zitabaki 480 na kulia 320, wala hakuna aliyedhulumiwa. Kama mjenzi angeshika ile 600 tu, upande wa kulia ungebaki na 200 badala ya 320 iliyo haki yake. Kidirisha kikifungwa, pacha wake hurithi nafasi yote, na yale maungio hufutika.

Hapo mstari wa kompyuta huachana na mstari wa ardhi. Mwaka ule ule wa 1968, Kenya ilipitisha sheria iliyowezesha ranchi za jumuiya, na tangu miaka ya 1980 nyingi za Kajiado ziligawanywa kuwa viwanja vya watu binafsi. Ua likisimama na hati ikitolewa, ng'ombe hawapiti tena njia ya babu zao, wala hakuna kitufe cha kulirudisha bonde lilivyokuwa.

Lipo swali moja gumu zaidi. Vidirisha viwili vikitazama maandishi yale yale, neno likibadilishwa katika kimoja, lazima libadilike katika cha pili. Trygve Reenskaug wa Norway, alipokuwa katika maabara ile ya Xerox mwaka 1979, alieleza njia ya kutenga kitu chenyewe na sura zake: kitu ni kimoja, sura zaweza kuwa nyingi, na kila sura hupewa habari kitu kibadilikapo. Mpaka leo wajenzi wengi huifuata.

Blender, programu ya kuchora maumbo iliyoanzishwa na Ton Roosendaal wa Uholanzi katika miaka ya 1990 na kuachiliwa huru mwaka 2002, imejengwa yote kwa vidirisha ambavyo mchoraji huvipasua na kuviunganisha apendavyo.

Kwetu, mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu wa Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, mkusanyo wa programu za ofisi kwa Kiswahili, ikiwamo ya jedwali la hesabu. Wafasiri walikuwa na maelfu ya maneno na sentensi fupi mbele yao, na kila amri ilitaka jina ambalo mtu angelielewa bila mwalimu kusimama nyuma yake. Mweka hazina asiyejua Kiingereza akaweza kusoma kwa lugha yake amri za jedwali lake, na ile ya kulipasua dirisha ilikuwa mojawapo.