Picha za Ngorongoro: kutoka ndege ya mistari hadi kundi la WhatsApp

Huku Karatu, kwenye mji huu wa madereva wa utalii, wapishi wa kambi na wauza vinyago, karibu kila mtu yumo kwenye kundi moja au mawili ya WhatsApp, na picha zinapita humo kuliko maneno. Faru kaonekana, simba wamezaa, njia imekatika kwa mvua, fulani kafiwa. Leo nataka tuangalie swali ambalo wabunifu wa programu hizi hulijibu wakiwa mbali sana na sisi: picha ikiingia kwenye kundi, iende na nini, iishie wapi, na nani awe na uwezo wa kuizuia? Huku kwetu swali hili ni la zamani kuliko simu.

Tuanze na Wajerumani wawili, Profesa Bernhard Grzimek na mwanawe Michael. Walikuja na ndege ndogo aina ya Dornier iliyopakwa mistari kama pundamilia, na mwaka 1958 wakahesabu wanyama wa Serengeti na Ngorongoro kutoka angani, huku wakipiga picha na filamu. Tarehe 10 Januari 1959 ndege iligongana na tumbusi ikaanguka, Michael akafa akiwa na miaka 24. Kaburi lake liko ukingoni mwa kreta, na mabaki ya baba yake, aliyefariki 1987, yalizikwa hapo hapo. Filamu yao ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960.

Filamu ile iliwafanya watu wa Ulaya wachangie fedha kwa ajili ya mbuga ambazo wengi wao hawatazikanyaga kamwe. Hilo ni jema. Lakini mwaka ule ule wa 1959 Wamasai waliokuwa wakiishi ndani ya Serengeti walikuwa wanahamishwa, na Hifadhi ya Ngorongoro ikaanzishwa kama eneo ambalo wafugaji na wanyama wangeishi pamoja. Kwenye picha zilizozunguka dunia, mwenye kamera ndiye aliyechagua nini kionekane. Aliyepigwa picha hakuwa na nafasi ya kuongeza neno, wala hakuiona picha yenyewe.

Mwaka huo huo, tarehe 17 Julai, Mary Leakey aliona fuvu la kale pale Oldupai, wakati mumewe Louis amelala kambini na homa. Angalia walichofanya: hawakulifukua mara moja. Walimsubiri mpiga picha Des Bartlett afike ili kazi yote irekodiwe tangu mwanzo. Walijua kwamba mfupa ukishatoka ardhini, ushahidi wa pale ulipolala umepotea, na picha ndiyo itakayobaki kuthibitisha. Kwa mwanasayansi, picha isiyo na mahali na tarehe haina thamani kubwa.

Mfano wa tatu ndio naupenda kuliko yote. Katikati ya miaka ya 1960 mtafiti John Goddard aliwachunguza faru weusi wa kreta mmoja mmoja. Aliwatambua kwa picha: umbo la pembe, mikunjo ya pua, masikio yaliyochanika. Alifikisha zaidi ya faru 100. Ukiifikiria vizuri, ile ilikuwa albamu ya kundi dogo: picha, jina, mahali, na watu wachache wanaohusika na ulinzi. Baadaye ujangili ukaja, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 faru wa kreta walikuwa hawafiki 20. Faru Fausta, aliyeonekana mara ya kwanza kreta mwaka 1965, alifariki Desemba 2019 akikadiriwa kuwa na miaka 57. Alifuatiliwa miaka yote hiyo kwa sababu kulikuwa na watu waliomjua kwa sura.

Sasa turudi kwenye simu. WhatsApp ilianzishwa mwaka 2009, na mwaka 2014 Facebook ikainunua kwa dola bilioni 19. Simu nyingi, ukiwa umeruhusu, huandika ndani ya picha saa na mahali ilipopigwa. Ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida, inapunguzwa ukubwa na taarifa za mahali zinaondolewa. Ukiituma ile ile kama dokumenti, inakwenda ilivyo, pamoja na mahali. Mtalii hajui tofauti hiyo. Jangili anaweza kuijua. Ndiyo maana mwaka 2014 ilisambaa picha ya kibao cha hifadhi moja ya Afrika Kusini kikiwaomba wageni wazime huduma ya mahali wanapopiga picha za faru.

Kwa hiyo maelezo yale yale yaliyomsaidia Goddard kuwalinda faru, yakiwa kwenye kundi la watu 1,024 (ndio ukomo tangu mwishoni mwa 2022, mwaka 2016 ulikuwa 256), yanaweza kuwaua. Picha haijabadilika. Kilichobadilika ni idadi ya macho.

Na si faru tu. Juni 2022 picha za watu waliojeruhiwa Loliondo, wilaya hii hii ya Ngorongoro, zilisambaa duniani kwa siku chache. Safari hii kamera ilikuwa mikononi mwa wenyeji, jambo ambalo mwaka 1959 halikuwezekana. Lakini picha inayokutetea ugenini inaweza pia kukutambulisha nyumbani. Sura, shuka na kilima cha nyuma vinatosha kusema wewe ni nani na unaishi wapi, hata kama mahali pamefutwa.

Wabunifu wamejaribu dawa kadhaa. Mwaka 2019 WhatsApp iliweka kikomo cha kusambaza ujumbe kwa makundi au watu watano kwa mkupuo, baada ya uvumi kusababisha mauaji India. Mwaka 2021 ikaleta picha ya kutazamwa mara moja. Nasi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Vyote vinasaidia, lakini havijibu hitaji la Karatu. Ningebuni mimi, kila kundi lingechagua lenyewe: askari wa wanyamapori wabaki na mahali na saa, kundi la madereva lipate picha bila mahali, na picha yenye sura ya mtu isitoke nje ya kundi mpaka aliyeituma aseme ndiyo. Historia yetu imeonyesha kwamba kinachosafiri pamoja na picha kina uzito kuliko picha yenyewe.

Wenzangu wa Karatu, Mto wa Mbu, Endulen na Loliondo: kwenye makundi yenu mna kanuni gani kuhusu picha, na nani alizitunga? Tupia maoni hapo chini, tujadili.