Nani Alimfundisha Fundi?

Ukitaka kujua Kenya inamchukulia fundi vipi, nenda Kamukunji msimu wa watoto kuingia shule za bweni. Nyundo zinapiga bati kutoka asubuhi hadi jioni. Mzazi anavutana bei ya sanduku la chuma, mtoto amesimama kando na karatasi yenye orodha ya vitu vinavyohitajika shuleni. Mtoto huyo ashaambiwa, tena si mara moja, kwamba asipotia bidii ataishia kupiga nyundo. Na sasa vitabu vyake vitalala ndani ya sanduku lililotengenezwa na yule yule anayetumiwa kumtishia.

Tishio hilo tumekulia nalo. Ukianguka mtihani, utapelekwa politekniki. Ukienda politekniki, jirani atamuuliza mama yako unasomea nini, naye mama atabadilisha mada. Wengi husema hiyo ni kasumba tu, ati Wakenya tunapenda kazi za tai na kiti cha kuzunguka. Mimi nadhani wazee wetu walikuwa na sababu, na sababu hiyo ina tarehe zake. Ukitaka kuiona, mfuate mtu ambaye vitabu vya historia havimtaji sana: mkufunzi wa fundi. Nani alimwajiri, na alitakiwa kutoa wanafunzi wa aina gani?

Zamani kazi hiyo haikuwa na cheo. Lamu, aliyetaka kujua kuunda jahazi alikaa na fundi kama mwanagenzi, akishika misumari na kutumwatumwa kwa muda mrefu kabla ya kukabidhiwa kazi ya maana. Katika jamii nyingi za bara, uhunzi ulirithishwa ndani ya ukoo. Fundi na mwalimu walikuwa mtu mmoja. Kilichowatenganisha ni shule.

Moja ya shule hizo za mwanzo ilikuwa Freretown, Mombasa, makao yaliyoanzishwa na wamishenari wa CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka utumwani. Baadhi ya walioshiriki kuijenga jamii hiyo walikuwa Waafrika waliokombolewa wakiwa watoto, wakapelekwa Nasik, India, wakafunzwa kazi kama useremala na uhunzi, kisha wakarudi Pwani. Kwao ufundi ulikuwa njia ya kusimama tena kama watu huru.

Serikali ya kikoloni ilikuwa na hesabu nyingine. Reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu ilijengwa kati ya 1896 na 1901, na zaidi ya wafanyakazi 30,000 waliletwa kutoka India. Baadaye walowezi walitaka maseremala na waashi wa bei nafuu kuliko mafundi wa Kihindi. Mwaka 1909, J. Nelson Fraser, mtaalamu wa elimu aliyekuwa amefanya kazi Bombay, aliiandikia serikali ripoti akipendekeza Waafrika wapewe mafunzo ya kazi za mikono. Elimu ikagawanywa kwa rangi: Mzungu kwake, Mhindi kwake, Mwafrika kwake. Mwaka 1924 Kabete kukaanzishwa kituo cha kuwafunza Waafrika ufundi. Kwa Kiingereza hawakukiita shule wala chuo. Walikiita depo, kama pale treni zinapolala.

Mwaka huo huo tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizunguka Afrika Mashariki. Iliongozwa na Thomas Jesse Jones, na kati ya wanachama wake alikuwemo James Aggrey, msomi Mwafrika kutoka Gold Coast, Ghana ya leo. Tume ilikuja na mfano mkononi: Hampton, shule iliyoanzishwa Virginia mwaka 1868, na Tuskegee ya Booker T. Washington, iliyofunguliwa Alabama mwaka 1881. Huko Wamarekani weusi, wengi wao watoto wa waliokuwa watumwa, walifunzwa kilimo na kazi za mikono. W. E. B. Du Bois alikuwa ameshaipinga njia hiyo kwa miaka mingi, akihofia kwamba ingewafanya watu weusi waridhike na nafasi ya chini. Tume haikuwa upande wa Du Bois.

Matokeo yake yalikuwa Jeanes School, iliyofunguliwa Kabete mwaka 1925. Jina ni la Anna Jeanes, mwanamke tajiri wa Philadelphia aliyetoa dola milioni moja kwa shule za vijijini za watu weusi kusini mwa Marekani. Mwalimu wa Jeanes hakukaa darasa moja. Alizunguka kutoka shule hadi shule, akiwasaidia walimu wengine, akionyesha namna ya kutunza shamba, kujenga choo, kufanya kazi za mikono. Mke wake naye alifunzwa, kwa sababu nyumba yao ilitakiwa kuwa mfano kijijini. Kama leo kuna mtu nchini anayeitwa mtaalamu wa elimu ya ufundi, babu yake kikazi ni huyo mwalimu wa Jeanes.

Shida ni kwamba wanafunzi walikuwa na macho. Waliona nani anapewa vitabu na nani anapewa randa. Jomo Kenyatta mwenyewe alifunzwa useremala kwenye misheni ya Thogoto, lakini maisha hayakumpeleka kwenye karakana. Alikuja kuwa karani wa stoo na msomaji wa mita za maji wa manispaa ya Nairobi, kisha mwanasiasa.

Halafu kuna Mbiyu Koinange. Mwaka 1927 alisafiri hadi Marekani kusoma, na shule aliyoanzia ilikuwa Hampton, ile ile iliyosifiwa kama dawa ya Mwafrika. Hakuishia hapo. Aliendelea na vyuo vikuu, na aliporudi akasaidia kuanzisha chuo cha walimu Githunguri mwaka 1939, kikichangiwa na wanakijiji kwa ajili ya shule huru za Wagikuyu. Wazazi hao walitaka watoto wao wajue Kiingereza na masomo ya vitabu, yale yale waliyokuwa wananyimwa. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952, serikali ilikifunga chuo hicho.

Kwa hivyo nyanya yako akisema jembe na randa si elimu, usimcheke. Hakuwa anadharau jasho, maana yeye mwenyewe alilima. Alikumbuka kwamba mafunzo ya mikono yaliwahi kutolewa ili mlango mwingine ubaki umefungwa.

Uhuru ulipokuja, tulirithi hofu hiyo pamoja na majengo. Mwaka 1966 Baraza la Makanisa lilitoa ripoti iliyouliza swali la wazi: baada ya shule, nini? Vijana walikuwa wanamaliza darasa la saba na kubaki nyumbani. Ndipo zikazaliwa politekniki za vijijini. Mkufunzi wake mara nyingi alikuwa fundi wa hapo hapo, seremala au mwashi anayejulikana sokoni. Lengo lilikuwa kijana ajifunze, atoke, ajiajiri kijijini, bila kukimbizana na vyeti. Haikuchukua muda kabla wanafunzi na wazazi kudai mtihani wa serikali wa ufundi. Walijua nchi yao: bila karatasi, huna shahidi.

Na karatasi ilipoanza kuamua, ikamgeukia mkufunzi pia. Mwaka 1978 chuo cha kuwaandaa walimu wa ufundi, KTTC, kilianza kazi Gigiri kwa msaada wa Kanada. Kwa mara ya kwanza kazi hii ikapata ngazi inayoeleweka: unasomea ufundi wako, kisha unasomea kuufundisha. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini ngazi hiyo ilikuwa na kipago cha kwanza, na kipago hicho ni matokeo ya shule ya upili. Yule fundi wa sokoni akabaki chini.

Mwaka 1985 yalitokea mambo mawili. Mfumo wa 8-4-4 ulianza, ukileta Sanaa na Ufundi, Sayansi Kimu na Kilimo hadi shule za msingi, na wazazi wakachangishwa kujenga karakana. Mwaka huo huo Rais Moi aliwatembelea mafundi wa jua kali pale Kamukunji, na vibanda vikafuata. Upande mmoja kulikuwa na karakana zinazotafuta walimu, upande mwingine walimu wanaotafuta paa. Hawakuunganishwa. Shuleni aliyepewa kipindi cha ufundi mara nyingi alikuwa mwalimu wa kawaida mwenye kitabu mkononi, na mtoto akajifunza kuchora msumeno kabla ya kuushika. Miaka ya 2000 mwanzoni masomo mengi ya aina hiyo yakapunguzwa.

Juu zaidi, taasisi za ufundi zilikuwa zinapanda cheo. Royal Technical College ya Nairobi, iliyopokea wanafunzi mwaka 1956, ndiyo Chuo Kikuu cha Nairobi cha leo. Kimathi Institute of Technology ya Nyeri, iliyoanza kwa harambee miaka ya sabini, ilipata hati ya chuo kikuu mwaka 2012. Mwaka 2013 Kenya Polytechnic na Mombasa Polytechnic zikafuata. Kila mara tulishangilia, na nafasi za kumfunza fundi wa kawaida zikawa za kutafutwa upya kwingine.

Leo ukitaka kazi hii, njia ipo. Unapata diploma au digrii ya fani yako, iwe ni stima, mabomba, magari au upishi. Unapata mafunzo ya ualimu na uzoefu wa kazini, kisha unasajiliwa na mamlaka iliyoundwa chini ya sheria ya elimu ya ufundi ya 2013. Mwajiri anategemea mahali: katiba ya 2010 iliziweka politekniki za vijijini mikononi mwa kaunti, huku vyuo anuwai vya kitaifa vikibaki chini ya serikali kuu. Mfumo mpya wa umahiri unamtaka mwanafunzi aonyeshe kazi, na mkufunzi aamue kama ameweza au bado. Kumbe tumezunguka miaka mia moja kurudi kwa mwanagenzi wa Lamu.

Kuna pia utaratibu mpya wa kumpima fundi aliyejifunzia kazini na kumpa cheti kwa ujuzi alio nao tayari. Ni jambo zuri. Ila nauliza tusogee hatua moja zaidi: fundi huyo akishapata cheti, je, atakubaliwa kusimama mbele ya darasa, au atakuwa amethibitishwa tu kwamba anajua kazi anayoifanya tangu zamani? Tukimkubali afundishe, huenda politekniki ikaacha kuwa mahali pa kutupia walioanguka, kwa sababu anayefundisha hapo atakuwa mtu ambaye mtaa mzima unajua kazi yake.

Ukipita Kamukunji, angalia kando ya fundi. Mara nyingi utaona kijana ameinama, ameshikilia bati ili lisiteleze, macho yakifuata nyundo. Huyo yuko darasani. Mwalimu wake ndiye bado hatujamwandika.