Nabhany ni Nani? Safari ya Jina la Ukoo kutoka Bahla hadi Pate

Muhula uliopita niliandika insha ya semina kuhusu Utendi wa Mwana Kupona. Aya ya kwanza niliianza kwa mbwembwe: "Mwana Kupona binti Mshamu Nabhany, mshairi mwenye asili ya Oman..." Insha iliporudi, mwalimu alikuwa amepiga mstari mwekundu chini ya maneno manne, "mwenye asili ya Oman", na pembeni akaandika: "Nani kakwambia?" Alama nilizopata sizitaji hapa. Nilikasirika, kisha nikaona aibu, maana kwa kweli hakuna aliyekuwa ameniambia. Nililiona jina, nikajua kuwa Nabhani wako Oman, nikajumlisha. Makala haya ni jibu langu kwa swali lile, na ninakiri mapema kwamba jibu limenitoa mahali nilipokuwa nimesimama.

Tuanze na jina lenyewe. Nabhany ni nisba, yaani jina linalomhusisha mtu na babu, kabila au mahali, kama vile Hinawy, Barwani au Mazrui. Babu wa jina hili ni Nabhan, na mzizi wake wa Kiarabu una maana ya kuwa macho, kuzindukana. Mzizi huo tunao sisi kila siku bila kufikiri: ni ule ule wa kitenzi chetu tanabahi. Kwa hiyo Nabhany, tukilifasiri kwa ulimi wetu, ni mwana wa aliyetanabahi. Mimi nilikuwa sijatanabahi.

Watu wa pwani waliliandika na kulitamka kwa namna zao. Utalikuta Nabhani, Nabhany, na Nabahani. Umbo hili la mwisho ndilo lililonivutia kama mwanafunzi wa ushairi. Kiswahili hakipendi konsonanti mbili zigongane, kwa hiyo irabu imechomekwa katikati, na jina limekuwa na silabi nne: na-ba-ha-ni. Mizani nne, nusu kamili ya kipande cha utendi chenye mizani nane. Sisemi kwamba washairi walilipenda kwa sababu hiyo. Nasema tu kwamba lilipoingia pwani liliingia likiwa limekwisha kunyooshwa ulimi.

Sasa, asili. Oman ya bara ilitawaliwa na wafalme wa ukoo huu, Nabahina kwa wingi wa Kiarabu, tangu katikati ya karne ya 12 hadi mwaka 1624, Nasir bin Murshid wa ukoo wa Yaaruba alipochaguliwa kuwa imamu. Makao yao makuu yalikuwa Bahla, mji wenye ngome kubwa ya udongo ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1987. Wanahistoria wa Kiibadhi hawakuwapenda. Waliwaandika kuwa wafalme wajabari waliopora nafasi ya maimamu. Lakini mmoja wao, Sulaiman bin Sulaiman wa karne ya 15, aliacha diwani ya mashairi inayosomwa mpaka leo. Tulishike jina hilo, tutalihitaji.

Kwa upande wetu wa bahari habari zinatoka katika Khabari za Pate. Zinasimulia kwamba mwaka 600 wa Hijra, sawa na 1203 au 1204 Miladia, Sulaiman bin Sulaiman bin Mudhaffar wa ukoo wa Nabhani, aliyekuwa mtawala Uarabuni, alifika Pate na watu wake. Pate ilikuwa na mfalme wake mwenyeji, wa watu waitwao Wabatawi. Mgeni akaja na zawadi, akamwoa binti wa mfalme, na baba mkwe akampa ufalme. Kuanzia hapo unafuata msururu wa wafalme wa Kinabhany mpaka karne ya 19.

Msomaji wa fasihi akifika hapa anatabasamu, au angalau anapaswa kutabasamu. Kisa hiki tumekisoma mahali pengine. Katika habari za Kilwa, mgeni Mshirazi anafika, anakuta mwenyeji ana nchi, na kisiwa kinabadilishwa kwa nguo. Mgeni, mali, ndoa au biashara, kisha ufalme: huu ni msuko wa visakale, unaojibu swali la nani ana haki ya kutawala. Hatuna budi kuusoma hivyo kabla ya kuusoma kama tarehe.

Na tarehe zenyewe zinayumba. Mwaka 1203 Nabahina walikuwa ndio kwanza wanatawala Oman. Mfalme aliyefukuzwa angefukuzwa na nani? Tena jina la huyo mgeni wa kwanza ni jina la yule mfalme mshairi aliyeishi zaidi ya miaka 200 baadaye. Mwanaakiolojia Neville Chittick, katika makala yake ya mwaka 1969, alilinganisha Khabari na maandishi ya Wareno na mabaki ya ardhini, akahitimisha kwamba Wanabhany hawakushika Pate kabla ya karne ya 17. Waliochimba baada yake walimsahihisha kuhusu umri wa mji, kwani Pate ni mji mkongwe kuliko alivyodhani. Lakini ukongwe wa mji si ukongwe wa mlango mmoja ndani yake. Mwaka 2023 ulitoka uchunguzi wa chembe za urithi za watu 80 wa kale, wengi wao kutoka makaburi ya miji ya pwani, Faza ya kisiwa cha Pate ikiwemo. Ulionyesha kwamba damu ya kigeni iliyoingia mwanzo, yapata mwaka 1000, ilitoka zaidi Uajemi na kwa upande wa wanaume, ilhali upande wa mama ulikuwa karibu wote wa Kiafrika. Damu ya Uarabuni iliongezeka baada ya mwaka 1500 hivi. Uchunguzi huo haukumtafuta Mnabhany yeyote, lakini hauipi nguvu ile 1203.

Kwa hiyo, walitoka Oman au hawakutoka? Mimi naamini yupo Mnabhany aliyevuka bahari, pengine zaidi ya mmoja, na sababu yangu ni ya kinyume kidogo. Kama ungetaka kujibandika nasaba ya fahari katika karne ya 17, kwa nini uchague ukoo ulioanguka kwao mwaka 1624 na unaosemwa vibaya na wanavyuoni wa huko? Wapo waliojinasibisha na Shirazi, wapo waliojinasibisha na Mtume. Nabhani si chaguo la mtu anayebuni tu. Lakini angalia walichokuwa wakifika huku. Wanabhany wa Oman ni Waibadhi. Wa Pate ni Wasunni wa madhehebu ya Shafii kama Waswahili wenzao. Wafalme wao waliitwa Fumo, neno la Kibantu lenye maana ya mtawala: Fumo Luti, Fumo Madi, Fumo Bakari. Waliitwa pia Bwana Mkuu na Bwana Tamu. Na katika karne ya 18 alitawala malkia, Mwana Khadija. Jina limetoka Bahla, kila kilicholizunguka kimetoka hapa hapa. Ibrahim Noor Shariff katika Tungo Zetu, 1988, na baadaye pamoja na Alamin Mazrui mwaka 1994, walipinga kwa nguvu mtindo wa kumsoma Mswahili kama Mwarabu aliyepotea njia. Nilikuwa nimewasoma. Nilikubaliana nao darasani, kisha nikaenda kuandika "mwenye asili ya Oman".

Hapa pia tuseme kwamba si kila Nabhani ni wa nasaba moja. Palestina, katika kijiji cha Ijzim karibu na Haifa, alizaliwa mwaka 1849 Yusuf al-Nabhani, kadhi na mshairi wa kumsifu Mtume, na mjukuu wake Taqiuddin alianzisha chama cha Hizb ut-Tahrir. Hao hujinasibisha na Banu Nabhan wa kabila la Tayyi. Wafalme wa Oman huhesabiwa katika Azd. Jina moja, mababu wawili. Atakayefungua kitabu cha majina na kuchora mstari kutoka Ijzim hadi Lamu atafanya kosa langu mara mbili.

Jina lilitapakaaje huku? Liliufuata ufalme ulipokuwa unapungua. Baada ya Pate na washirika wake Wamazrui kushindwa na Walamu katika vita vya Shela, yapata 1812, mlango uligawanyika baina ya waliokubali mkono wa Busaidi na waliokataa. Ahmed bin Fumo Luti, aliyeitwa Simba, alivuka bara na kuifanya Witu kuwa ngome yake. Mwaka 1885 alifanya mapatano na akina Denhardt, ndugu wawili wa Kijerumani, akitafuta kinga dhidi ya Zanzibar. Mwaka 1890 Wajerumani waliiachia Uingereza Witu, na Oktoba ya mwaka huo huo, baada ya Wajerumani kadhaa kuuawa pale, jeshi la Waingereza liliuchoma mji.

Husemwa kwamba katika moto ule iliungua nakala ya Khabari za Pate. Hili limenikalia moyoni kuliko yote. Tunachokisoma leo kinatokana hasa na kumbukumbu ya mtu mmoja wa mlango huo huo, Muhammad bin Fumo Omar Nabhany, maarufu Bwana Kitini, aliyesimulia na kuandikisha Lamu. Stigand alichapa fasiri mwaka 1913, Alice Werner akafuata mwaka 1914 na 1915, na matoleo mbalimbali yalikusanywa na Marina Tolmacheva mwaka 1993. Hebu fikiria: ufalme umekwisha, mji umeungua, kitabu kimeungua, na mwana wa mlango anaketi kuitaja safu ya babu zake mbele ya Mzungu mwenye kalamu. Angeanzia wapi kama si mbali, 1203, ambako hakuna bunduki inayofika? Mhakiki anayemwita mwongo hajaelewa kazi aliyokuwa akiifanya.

Leo jina ni la nadra kwenye pwani ya Kenya. Mahali pake ni Pate na Siyu, Lamu na Matondoni, na Mombasa kwa waliohamia. Unadra wake nao una sababu. Zamani mtu wa Lamu alikuwa fulani bin fulani. Nisba ilitajwa palipohitajika, kwenye ndoa, mirathi au dua. Ni vipande na hati za serikali vilivyolazimisha kila mtu awe na majina ya kudumu, na wengi waliandikisha jina la babu wakaiacha nisba. Watoto wa mabinti nao hawaibebi. Ukimwuliza mtu wa huko kama fulani ni Mnabhany utajibiwa, "Wa upande upi? Wa mume au wa mke?" Na orodha ya serikali haina nafasi ya swali hilo.

Lililobaki wazi kabisa ni jina kwenye majalada ya vitabu. Utendi wa Tambuka, wa 1728, Mwengo bin Athumani aliutunga Pate, chini ya mfalme wa mlango huo. Na katika karne ya 20 akatokea Ahmed Sheikh Nabhany, aliyezaliwa Matondoni mwaka 1927 na kufariki mwaka 2017, mtunzi wa Sambo ya Kiwandeo na Umbuji wa Mnazi, aliyechimba Kiamu cha wazee akitafuta maneno ya vitu vipya. Runinga ni lake, nalo limeshika. Ngamizi lilishindwa na kompyuta, na wapo waliomcheka. Lakini ukimwuliza Mkenya yeyote leo Nabhany ni nani, hatakutajia mfalme wa Bahla wala Simba wa Witu. Atakutajia mzee wa maneno. Mlango uliokuja na upanga na mahari umebaki kwa kalamu, na hapo ndipo naliona jina limekuwa la Kiswahili pasi na shaka.

Nikarudi kwa Mwana Kupona. Utendi wake, wa mwaka 1858, niliusoma upya, safari hii mpaka mwisho kabisa, kwenye zile beti za kufungia ambazo wanafunzi huwa tunaziruka kwa kuwa hazitoki kwenye mtihani. Pale mtunzi anajitaja. Anataja jina lake, anataja jina la baba yake Mshamu, na anasema alizaliwa Pate. Basi. Nabhany hakulitia. Huenda lilikuwa lake na hakuona haja, kwa kuwa binti aliyekuwa akimuusia alilijua. Huenda ni wahariri waliolibandika baadaye kwa heshima. Kwa vyovyote, alipotaka tumjue, alitutajia baba na mji.

Insha nimeiandika upya na nimeipeleka. Sentensi ya kwanza sasa inasema: "Mwana Kupona binti Mshamu, wa Pate." Nabhany nimeliweka kwenye mabano. Bado mwalimu hajairudisha.