Babu na Bibi Wanaolea Wajukuu: Wajibu na Haki Yao Katika Malezi ya Imani

Katika familia nyingi za maparokia yetu, mtoto hufundishwa ishara ya msalaba na bibi yake. Wazazi wengine wako mjini wakitafuta riziki, wengine wametengana, wengine wameitwa na Bwana wangali vijana, na watoto wamebaki kwa babu na bibi. Wazee hawa huwalisha wajukuu, huwapeleka shule na jioni husali nao. Hata hivyo, wengi hujiona kuwa walezi wa muda tu, na wafikapo ofisini kwa paroko kuwaombea watoto Sakramenti, husita mlangoni kana kwamba jambo lenyewe haliwahusu. Ni vema basi tukumbushane anachofundisha Mama Kanisa.

Msingi wa wajibu huu

Mtume Paulo, katika Waraka wake wa Pili kwa Timotheo (1:5), anaonesha kuwa imani ya kijana huyo ilikuwa kwanza ndani ya bibi yake Loisi, kisha ndani ya mama yake Eunike. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya Malezi ya Kikristo la mwaka 1965, unawataja wazazi kuwa walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, kanuni ya 774, unaongeza jambo ambalo wazee wengi hawajapata kulisikia: wajibu wa wazazi wa kuwalea watoto katika imani, kwa neno na kwa mfano, unawabana kwa kiwango kile kile wale wanaoshika nafasi ya wazazi, pamoja na wasimamizi wa ubatizo. Bibi anayelea wajukuu yatima, kwa hiyo, anatimiza wajibu wake mwenyewe.

Kuhusu Sakramenti

Ili mtoto mchanga abatizwe, kanuni ya 868 inadai ridhaa ya wazazi, au walau ya mmoja wao, au ya yule anayeshika nafasi yao kihalali. Tena pawepo tumaini la kweli kwamba atalelewa katika imani katoliki. Mzee aliye mlezi halali anaweza kutoa ridhaa hiyo. Lakini pale wazazi wanapokuwa hai na wangali na dhamana juu ya mtoto, bibi hawezi kumpeleka kubatizwa kwa siri. Tunafahamu uchungu wa mzazi ambaye binti yake ameacha kusali na hataki mtoto abatizwe. Njia iliyopo ni kuzungumza naye kwa upole, kumshirikisha paroko, na kusali bila kukata tamaa. Mtoto akiwa katika hatari ya kufa, mtu yeyote mwenye nia ya kufanya lifanyalo Kanisa anaweza kumbatiza kwa maji na kwa jina la Utatu Mtakatifu, kisha paroko aarifiwe.

Wengi huuliza kama babu au bibi anaweza kuwa msimamizi wa ubatizo. Anaweza, mradi atimize masharti ya kanuni ya 874. Ndugu wanaokatazwa humo ni baba na mama wa mtoto. Kadhalika, kanuni ya 914 inawakabidhi wazazi, wanaoshika nafasi yao na paroko jukumu la kuhakikisha watoto wenye kutumia akili wanaandaliwa vema kwa Komunyo ya Kwanza.

Kufundisha nyumbani

Mafundisho ya nyumbani hayachukui nafasi ya shule wala ya katekesi parokiani, yanaziandalia njia. Yaanze na sala fupi za asubuhi, za mezani na za kulala. Njiani kutoka Misa, mtoto aulizwe swali moja tu juu ya Injili. Mzee asiyejua kusoma asione haya: mjukuu asome kwa sauti, naye aeleze kwa yale aliyoyaishi. Mzee akimkosea mtoto, amwombe radhi, maana hapo atakuwa amefundisha Kitubio kuliko maneno mengi.

Zaidi ya yote, wazazi wasiokuwepo wasisemwe vibaya mbele ya watoto. Amri ya Nne haikomi kwa sababu baba ameondoka. Wazazi hao watajwe kwa majina katika sala ya jioni, ili mtoto ajue kuwa bado ni wake na bado wanapendwa.

Wajibu wa jumuiya

Wazee huchoka. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ziwatembelee, ziwasaidie kutafuta vyeti vya ubatizo, na katekista asisubiri kufuatwa. Mwaka 2021 Baba Mtakatifu Fransisko alianzisha Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani, inayoadhimishwa Dominika ya nne ya Julai, karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Anna, tarehe 26 Julai. Tunapowaombea baraka wazee wetu siku hiyo, tuulize pia: ni nani kati yao anayelea wajukuu peke yake, na ni Sakramenti ipi mtoto wake bado anaingoja?