Hifadhi ya Maandiko katika Vyuo Vikuu vya Afrika ya Mashariki: Kutoka Kalamu hadi Kompyuta

Husemwa mara nyingi kwamba hifadhi ya kidijitali ni jambo jipya lililotujia pamoja na intaneti. Chombo ni kipya, hilo halikanushiki; lakini kazi yenyewe, yaani kutoa nakala ya andiko, kuiweka mahali pa salama na kumwezesha mwanachuoni wa mbali kuisoma, ina historia ndefu katika pwani yetu, na matatizo ya leo hayafahamiki vema pasipo kuitazama historia hiyo.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 alikuwako Lamu mwandishi stadi, Muhammad Kijuma, aliyefariki mwaka 1945. Wataalamu wa Ulaya, miongoni mwao Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, walimpa kazi ya kunakili tenzi kwa hati za Kiarabu. Nakala zake zilipanda meli, na leo zimo katika maktaba za Uingereza na Ujerumani. Si haki kumlaumu Kijuma. Alifanya kazi ya mikono yake akalipwa, na yamkini baadhi ya tungo zisingalitufikia pasipo kalamu yake. Walakini tokeo lake ni kwamba, kwa miongo mingi, Mwamu aliyetaka kuziona nakala hizo za mji wake alihitaji kwanza nauli ya kwenda London.

Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1961, nafasi ya kuugeuza mwendo huo ilipatikana. Katika miaka ile ile ya 1960 J. W. T. Allen aliitembea pwani akikusanya maandiko ya Kiswahili na ya Kiarabu kwa ajili ya maktaba ya chuo, pamoja na kanda za sauti. Ilikuwa kazi kubwa, na kila achunguzaye tenzi leo ana deni kwake. Orodha ya mkusanyo huo ilichapishwa Leiden mwaka 1970. Tazama, msomaji, kinyume kilichomo humo: maandiko yalikaa Dar es Salaam, na ufunguo wake ukauzwa Uholanzi. Kwa upande wa Kenya, miaka hiyo hiyo ya 1960, nyaraka nyingi za serikali ya kikoloni zilizokuwa Nairobi zilipigwa katika mikrofilamu kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani. Asili ilibaki nyumbani, nakala ikasafiri. Mwanafunzi wa Syracuse akaweza kuisoma Nairobi bila ya kuondoka kitini pake. Hakuna chuo cha Afrika ya Mashariki kilichokuwa na uwezo wa kuisoma Marekani kwa namna hiyo.

Ndipo ulipofika mwaka 1995, wataalamu walipokutana katika mji wa Dublin, jimbo la Ohio, wakaanza kutunga vipengele vya kulieleza andiko lililomo katika kompyuta, ambavyo baadaye vilikuwa 15: jina la kazi, mtungaji, mada, tarehe, lugha na vinginevyo. Mwaka 2002 mambo mawili makubwa yalitokea. Mwezi wa Februari lilitolewa Tamko la Budapest, lililodai kwamba matokeo ya utafiti yasomwe na watu wote bure. Na mwezi wa Novemba Chuo cha MIT pamoja na kampuni ya Hewlett-Packard walitoa programu iitwayo DSpace, ambayo chuo chochote chaweza kuitwaa bila malipo. Nairobi, Makerere na Dar es Salaam zote ziliitwaa kwa zamu zao. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, tasnifu iliyokuwa ikila vumbi rafuni iliweza kusomwa Kigoma na Kyoto saa ile ile.

Lakini neno "bila malipo" limetudanganya wengi. Kitabu kikishawekwa rafuni chaweza kukaa miaka 50 bila kuhitaji mshahara wa mtu, maadamu mvua na mchwa havikukifikia. Faili haina subira hiyo. Yataka umeme, yataka seva ibadilishwe kila baada ya miaka michache, yataka fundi. DSpace ya 7 ilipotolewa mwaka 2021, sura yake ilikuwa imejengwa upya kwa namna ambayo chuo kisicho na fundi wake hakikuweza kuihamia kwa wepesi. Fedha za mfadhili hununua mashine na hulipia semina, kisha mradi hufikia ukomo wake. Mshahara wa fundi wa mwaka wa nne haumo katika hati ya mradi. Hapa ndipo hifadhi nyingi zinapofia, wala si katika ujinga wa wakutubi wetu, kama wageni wapendavyo kudhani.

Wala asitokee mtu akasema basi na turudie karatasi peke yake. Tarehe 18 Aprili 2021 moto ulioshuka kutoka mlimani uliteketeza Chumba cha Jagger cha Chuo Kikuu cha Cape Town, na sehemu kubwa ya vitabu vya taaluma za Afrika vilivyokuwamo ikaungua. Yaliyokwisha kutolewa nakala za kidijitali yalisalia walau kwa maneno na sura.

Limebaki jambo moja ambalo halihitaji fedha nyingi, nalo limeachwa kwa uzembe. Utenzi wa Mwana Kupona ulitungwa mwaka 1858, na nakala zake ni za mikono ya watu wengine, wa miaka mingine. Karani asiyeyajua mambo haya humwandika mnakili mahali pa mtungaji, na tarehe ya nakala mahali pa tarehe ya utungo. Katika kipengele cha lugha huweka Kiswahili, asiseme kwamba hati ni za Kiarabu. Kisha mada huziandika kwa Kiingereza, hata pale ambapo tasnifu yenyewe imeandikwa kwa Kiswahili tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Mwanafunzi atafutaye "utenzi" au "jando" haipati, ingawa imo. Vipengele vile 15 havikatazi lugha yoyote. Kila kimoja chaweza kujazwa kwa Kiswahili, na kujazwa mara mbili kukitakiwa, kwa lugha mbili.